Mlango wa Nyumba ya Sumaku

Kazi yangu ni kuhakikisha kwamba kitu hakiguswi. Nikiwaambia watu hivyo hucheka, wakidhani natania, halafu huuliza tena, kazi yenyewe hasa ni ipi. Basi nawaeleza: mimi huchora sumaku za zile mashine kubwa za hospitali zinazopiga picha za ndani ya mwili, zile zenye tundu ambamo mgonjwa husukumwa taratibu kama mkate unaoingia tanurini. Mahali ambapo mgonjwa haoni, kuna waya mwembamba uliozungushwa na kuzungushwa mpaka ukawa mzito kushinda fahali. Waya huo ukipozwa, tena ukipozwa kwelikweli, kwa baridi ambayo haipatikani hata kwenye kilele cha mlima wowote, hubadilika tabia. Umeme ukiingizwa humo haupungui tena. Unaweza kuchomoa nyaya za stima ukaenda zako, na umeme utabaki ukizunguka ndani ya waya, mwaka baada ya mwaka, bila kusukumwa na mtu. Mzunguko huo ndio unaofanya sumaku.

Adui yangu ni joto. Joto hupitia popote pale vitu vinapogusana, na koili nzito namna hiyo, yaani waya wote ule uliozungushwa, haiwezi kuelea. Lazima ishikwe na kitu. Kwa hiyo sehemu kubwa ya maisha yangu nimeitumia kufikiria mikanda, mikanda myembamba ya nyuzi za kioo inayoining'iniza koili ndani ya chombo kilichonyonywa hewa yote, na karatasi zinazong'aa zilizopangwa tabaka juu ya tabaka ili joto la dunia likija ligeuzwe lirudi. Mawazo hayo hunijia vizuri nikiwa nimefumba macho nusu. Naona koili ikining'inia gizani, tulivu, haina habari na mtu, na mimi nazunguka kuitafuta sehemu inayoguswa bila sababu. Anayenipita wakati huo hudhani nasinzia. Senge, yaani dada ya baba, aliamini kwa muda mrefu kwamba nimeajiriwa kulala.

Nilihamia kwake nilipoletwa upande wa Bomet pamoja na sumaku yangu. Nyumba yake imepakana na hospitali moja ndogo ya misheni. Kati yao kuna ua wa miti ya kei wenye pengo la kupitia mtu mmoja, na kutoka kwenye pengo hilo shamba lake la chai linashuka mpaka mtoni. Mumewe alikwisha kufariki, watoto wake wako mijini, na shamba lile ndilo lililomlea na bado linamlea. Huchuma mwenyewe, asubuhi mapema, umande ukiwa bado unalowesha aproni yake ya plastiki, na mchana hupeleka majani kituoni huku akibishana na karani wa mizani kwa sauti inayosikika mpaka wodini. Ni mama wa kanisa, mkali, mcheshi, na hapendi mtu anayeketi akiangalia ukuta. Yaani mimi.

Sumaku ile ilikuwa ya aina yake. Koili za mashine nyingi za zamani hutumbukizwa ndani ya pipa la heli ya majimaji, gesi ghali ambayo huku kwetu huwezi kuipata kwa kupiga simu. Yangu haikuwa na pipa. Ilipozwa na mtambo mdogo uliounganishwa na stima, uliokuwa ukilia chwi-chwi, chwi-chwi, mchana kutwa kama ndege mwenye malalamiko. Stima ikipotea, mtambo unanyamaza, na joto linaanza kuingia kidogo kidogo. Likifika kiwango fulani, waya husahau tabia yake, umeme wote uliokuwa ukizunguka hugeuka joto kwa mkupuo mmoja, na sumaku hufa. Kuifufua ni kazi ndefu ya mafundi kutoka ng'ambo. Mimi nilikuwa nimewaapia wakubwa wangu kwamba mikanda yangu na karatasi zangu zingeishikilia baridi hiyo kutoka jioni hadi asubuhi hata bila stima. Walinikubalia kwa sharti. Sumaku ingekaa huku kwa mwaka wa majaribio, na ikifa hata mara moja kwa sababu ya stima, wangeing'oa na kuipeleka mahali penye umeme wa uhakika.

Nilijua maana ya kung'olewa. Niliwaona watu waliokuja kupigwa picha: mama aliyeumwa kichwa mpaka akaacha kuwatambua wanawe, mchumaji aliyeanguka na gunia la majani akapoteza nguvu za miguu, watu waliotoka Sigowet na Chepilat wakiwa wamevaa nguo zao za kanisani kana kwamba mashine itawapiga picha ya ukumbusho. Zamani wangetumwa mbali sana, na wengi wangeambiwa waende huko, wakasema sawa, wakarudi nyumbani tu. Nilitaka sumaku ile ibaki. Sikutaka kitu kingine chochote mwaka ule, na nasema hivyo bila aibu.

Siku zenyewe zilipita kama ndoto. Asubuhi ukungu ulilala juu ya chai, ukaifanya miteremko yote ionekane kuwa mmoja, na wachumaji walitokeza ndani yake kuanzia kiunoni kwenda juu, wakizungumza bila miguu. Mimi niliketi kwenye ngazi ya nyuma ya chumba cha mashine, kikombe cha chai mkononi, nikisikiliza chwi-chwi. Nilifikiria ule umeme uliokuwa ukizunguka nyuma ya ukuta, haulali, hauchoki, haujui kama ni Jumapili. Wakati mwingine niliona aibu kidogo kuupenda hivyo. Mchana mawingu yalikusanyika, mvua ikanyesha kama inavyonyesha karibu kila siku huku kwetu, ikaisha, na kijani kikawa kikali hadi macho yakauma.

Senge alikuja kuiona mashine siku moja baada ya kunirushia maswali kwa wiki nzima. Alivua hereni, akavua saa, akaacha viatu vyake mlangoni ingawa nilimwambia viatu havina neno. Msimamizi wa mashine alikuwa bwana mpole, mzaliwa wa upande wa ziwa, ambaye wazazi wake walikuja zamani kufanya kazi kwenye mashamba makubwa ya Kericho wakabaki. Alimwonyesha mstari mwekundu uliopakwa sakafuni kwenye ukumbi, hatua chache kabla ya mlango wa chumba.

"Mama, ona hapa. Hii mstari ndiyo mpaka. Kitu ya chuma haipiti hapa. Hata kama ni sindano."

"Na ikipita?"

"Itaenda yenyewe."

Hakuamini. Basi nilifunga ufunguo kwenye uzi mrefu, nikauzungusha uzi mara mbili mkononi mwangu, nikaingia nao pole pole ndani ya chumba huku nikimtaka asimame nyuma yangu. Ufunguo ulikuwa ukining'inia kama kawaida, kisha ukaanza kuinamia mbele, kisha ukasimama hewani, uzi umenyooka, ukitetemeka kuelekea kwenye tundu. Nilimwachia naye ashike kwa muda mfupi. Aliusikiliza mvuto ule kwenye vidole.

"Inaita," alisema.

Tangu siku hiyo hakusema tena kwamba nalipwa kwa kulala. Kila jioni aliniuliza mashine imeshindaje, kwa sauti ile ile anayoulizia ng'ombe aliyekaribia kuzaa.

Mvua ya mawe ilikuja alasiri moja ambayo ilikuwa imetulia mno. Kuku walikuwa wameingia ndani mapema. Anga ilikuwa nyeupe, si ya kijivu, na hewa ikanuka chuma baridi. Mtu yeyote aliyezaliwa kwenye chai anajua harufu hiyo. Tumbo hujua kabla ya kichwa. Mawe ya kwanza yalianguka moja moja juu ya mabati, kama mtu anayerusha kokoto kwa mzaha. Kisha yakaja yote. Sikuweza kumsikia msimamizi aliyekuwa amesimama karibu nami akipanua mdomo. Uwanja wa hospitali ukawa mweupe, maua yakalala, na upande wa barabara mti ulianguka juu ya nyaya za stima, tukaona mwanga wa buluu ukimulika mara moja. Taa zikazimika. Ule mtambo ukasema chwi, ukanyamaza.

Jenereta ya hospitali iliwaka punde si punde, lakini haikuwa yangu. Ilikuwa ya chumba cha upasuaji na ya chumba cha watoto waliozaliwa kabla ya wakati wao, na tangu mwanzo tulikubaliana kwamba sumaku haitawanyang'anya hao hata tone. Mimi mwenyewe ndiye niliyesema hivyo, kwa ujasiri, siku ya jua. Sasa nilisimama mbele ya kompyuta ndogo iliyokuwa ikitumia betri yake, nikitazama kipimo cha baridi. Kipimo kilikuwa hakijasogea. Nilijua kingesogea. Swali lilikuwa kingesogea kwa kasi gani, na kama niliyoyaona gizani nikiwa nimefumba macho nusu yalikuwa ya kweli au yalikuwa ndoto tu za mtu anayependa kazi yake.

Ndipo niliposikia msimamizi akipiga kelele ukumbini.

"Mama! Mama, simama hapo hapo! Usisogee!"

Nilitoka mbio. Senge alikuwa amesimama kwenye ukumbi, amelowa chapachapa, mawe ya barafu yamenasa kwenye mikunjo ya kitambaa chake cha kichwa na damu kidogo inamtoka juu ya nyusi. Mkononi alikuwa na shoka. Si shoka la mchezo. Ni lile la kupasulia kuni, mpini umeshikwa miaka mingi hadi ukang'aa. Chuma chake kilikuwa kimepakwa majivu, na majivu yamegeuka uji kwa mvua na kumtiririkia hadi kwenye kiwiko.

Nilielewa mara moja. Ukoo wetu ni ukoo wa radi. Tangu zamani, mvua ikichachamaa, mtu wa ukoo huu hulichukua shoka, hulisugua na majivu ya jikoni, husimama ndani ya nyumba anayotaka kuiokoa, na hulitupa nje kupitia mlangoni huku akiiambia radi itulie. Nilimwona bibi akifanya hivyo nilipokuwa mdogo. Lazima usimame ndani, lazima shoka litoke nje, na mvua moja ina shoka moja na nyumba moja. Huwezi kukimbia huku na kule ukitupa mara mbili. Senge ni mtu wa kanisa, anaomba kabla ya kula hata ndizi, lakini hakuona ugomvi wowote kati ya mambo haya. Mungu ndiye aliyeiumba radi, na radi ni jamaa yetu.

"Wacha nipite," alimwambia msimamizi kwa Kiswahili. "Nataka kuingia ndani kwa hiyo mashine, nisimame, nitupe hii nje. Ni mara moja tu. Stima imepotea na nyinyi mnasimama tu."

"Mama, ukiingia nayo itakuua! Itaruka!"

"Mimi siruki. Niko na miaka mingi."

Nilikasirika. Nilikasirika kwa sababu niliogopa, na niliogopa kwa sababu niliona vyote viwili kwa pamoja: shoka likimponyoka na kuruka, na mtu katikati ya njia yake. Na hata lisingemgusa mtu, lingeganda kwenye mashine, na hakuna nguvu ya kibinadamu ya kulibandua bila kuiua sumaku kwanza. Sumaku haijui kama stima ipo au haipo; iko macho saa zote. Nilitaka kumpokonya. Lakini huyu ni senge. Mimi ni nani wa kushika mkono wa dada ya baba na kuukunja mbele ya watu?

"Senge," nilisema, "ukiingia nalo halitatoka. Unakumbuka ile ufunguo? Hii nyumba inavuta ndani. Wewe unataka shoka itoke nje, na yeye, hii mashine, ataishika. Atabaki nayo."

Hapo alisimama. Aliangalia ule mlango, akaliangalia shoka. Niliona jambo lile likimwingia vizuri. Shoka lililobaki ndani lingekuwa balaa tupu, na hilo halikuhitaji fizikia yangu.

"Sasa mlango ya hii nyumba iko wapi?" aliuliza.

Lilikuwa swali la haki, na nashangaa mpaka leo kwamba katika mikutano yangu yote hakuna aliyewahi kuniuliza vizuri hivyo. Mvuto wa sumaku haukomei ukutani. Unapita kwenye saruji kana kwamba saruji ni ukungu, unazidi kufifia, na sisi wachoraji ndio tunaoamua mahali pa kusema: hapa umekwisha. Mahali hapo nilipapima mwenyewe, nikapapaka rangi mwenyewe.

"Ni hapa," nilimwambia, nikionyesha mstari mwekundu. "Hii ndiyo kizingiti. Kutoka hapa kwenda huko ni ndani kwake. Ukisimama hapa, kisigino kwa mstari, umegeuka, uko mlangoni. Hapo haina nguvu ya kushika kitu."

Alifika kwenye mstari, akaukanyaga kwa kisigino, akageuka akaipa mashine mgongo. Msimamizi alifungua ule mlango wa ukumbi unaotokea uwanjani, kisha akajibanza kando ya ukuta, mikono kichwani. Kelele za mawe ziliingia zote. Senge alinyanyua shoka kwa mikono miwili na kulirusha. Lilipita ukumbi mzima likijigeuza, likatoka nje, likatua kwenye weupe. Na hapo akapaza sauti kwa Kipsigis, kwa nguvu ambazo sikujua kama bado anazo, akaiambia radi inyamaze, inyamaze nyumbani kwetu.

Kwetu, alisema. Chumba kile cha saruji na sumaku yangu iliyotoka ng'ambo kwenye sanduku.

Mvua haikukoma hapo hapo. Ilinyesha kadiri ilivyotaka, kisha ikapungua kama mvua zote. Senge aliketi kwenye benchi la wagonjwa, msimamizi akamfunga kidonda, na akaomba chai ya moto yenye sukari ya kutosha. Aliinywa yote. Kabla ya giza akaniambia anaenda kuona kama nyumba yake ingalipo, akatoka kupitia pengo la ua, polepole, akiinua miguu juu ya barafu.

Usiku ule sina la kuusimulia. Nililala kwenye kiti. Kipimo kilisogea, lakini kilisogea kama mzee anayepanda mlima, na kila nilipokitazama bado kilikuwa upande wetu. Jua lilipochomoza watu wa stima walikuwa barabarani na misumeno. Baadaye kidogo, mtambo ulikohoa, ukasema chwi, ukanyamaza tena, halafu chwi-chwi, chwi-chwi, nami nikamkumbatia msimamizi, maskini, ambaye hakuwa amejiandaa kabisa kukumbatiwa. Sumaku ilikuwa hai. Umeme ulikuwa umezunguka usiku kucha bila kujua kwamba tulikuwa na wasiwasi. Mikanda yangu ilikuwa imeshika. Nilikuwa na furaha ya kipumbavu, ile ya mtoto, na mtu niliyetaka kumweleza alikuwa mmoja tu.

Niliokota shoka kwenye nyasi zilizolala, nikavuka pengo. Harufu ndiyo iliyonisimamisha. Ilikuwa harufu ya ndani ya kiwanda, pale majani yanaposagwa na kuanza kugeuka rangi, tamu na nzito, lakini kiwanda kiko mbali na hapa hapakuwa na mashine yoyote. Ukungu ulikuwa bado umelala juu ya mteremko. Ulipofunguka kidogo nikaona. Chai ya senge haikuwa na jani. Vilikuwa vijiti, safu baada ya safu hadi mtoni, na chini yake majani yaliyochanikachanika yakigeuka hudhurungi, barafu ikiyeyuka kati yake. Miezi ingepita kabla hajarudi kituoni kubishana na karani.

Alikuwa ameketi kwenye kigoda nje ya jikoni, bendeji juu ya nyusi, akikamua maji kwenye leso.

"Mashine imelala vizuri?" aliniuliza kabla sijamwamkia.

"Imelala vizuri, senge."

"Kongoi," alishukuru, akitazama juu, si kwangu.

Nilisimama na shoka lake mkononi. Nilijua kila kitu kinachoweza kujulikana kuhusu kwa nini sumaku ile haikufa. Nilikichora mwenyewe, mkanda kwa mkanda. Na nilijua pia kwamba jana, mawe yalipoanza, yeye alikuwa hapa, jikoni kwake, karibu na majivu yake, mlango wake ukitazamana na shamba lake. Alikuwa na shoka moja. Alilibeba akakimbia nalo katikati ya mvua ile, akaliacha shamba lake nyuma.

"Senge," nilisema, "kwa nini hukutupa hapa?"

Alinishangaa kidogo, kama anavyonishangaa ninapokaa nikiangalia ukuta.

"Chai itachipua," alisema. "Hiyo yako ingechipua?"

Kisha akaniambia niingie ndani, ninawe uso, nile kitu.